Mlezi Mwenye Kwato Nne

"Wananchi wote, pamoja na wageni waishio nchini kwa vibali halali, wanatangaziwa kwamba kuanzia Jumamosi ijayo soksi za Klabu ya Soka ya Kisimani hazitakuwa za kijivu. Mtu yeyote atakayeonekana na soksi ya kijivu mguuni, ndani ya uwanja wowote wa Jamhuri, atahesabiwa kuwa amekwenda kinyume na utambulisho mpya. Tangazo hili limetolewa na Wizara ya Michezo, Mwonekano na Mitazamo."

Tangazo hilo lilisomwa redioni baada ya taarifa za vifo na kabla ya bei za mazao, likitanguliwa na kufuatiwa na ngoma ambayo kwa kawaida hupigwa pale tu nchi inapopata au kupoteza kiongozi. Siku hiyohiyo daraja kubwa la mto unaoigawa nchi yetu lilikuwa limekatika. Daraja halikutangazwa, kwa kuwa waliokuwa juu yake walikuwa wamekwisha kupata habari.

Mgeni anaweza kudhani kwamba serikali inayoshughulikia soksi haina shughuli. Atakuwa ametukosea. Soksi zilikuwa hatua ya mwisho ya mageuzi mapana, na ili kuyaelewa mageuzi hayo ni lazima kwanza kumfahamu Mlezi.

*

Klabu ya Kisimani ilianzishwa zama za wakoloni na wauza maji wa kata hiyo, watu waliokuwa wakiteka maji katika kisima kimoja na kuyatembeza mjini kwa punda. Walipokwenda kuiandikisha, Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya wa kikoloni, aliwaambia kwamba chama cha wenyeji hakiandikishwi bila mlezi: mwenye tabia njema na kazi ya kudumu, asiyekunywa pombe hadharani, na asiyewahi kusikika akizungumza siasa. Waasisi waliuzunguka mji mzima wakimtafuta mtu wa namna hiyo. Walimpata mmoja tu, naye alikuwa punda wao. Jina lake lilikuwa Stahamili. Bwana Shauri, ambaye alikuwa na mazoea ya kuwaidhinisha wenyeji bila kuwaona, alimwidhinisha, na mwaka uliofuata akapendekeza atunukiwe nishani ya utumishi mwema.

Tangu hapo cheo hicho hurithiwa. Stahamili mmoja anapokufa, mwanawe hupewa jina na ulezi kwa pamoja. Uhuru ulipopatikana, vyama vingi vilipoteza walezi wao, waliorudi kwao kwa meli. Mlezi wa Kisimani alibaki, kwa kuwa hakuwa na kwao kwingine. Jezi za klabu zilikuwa za kijivu, rangi ya ngozi yake, zikiwa na mstari wa udongo mwekundu, rangi ya kwato zake wakati wa masika. Nembo ilikuwa punda mwenye madumu mawili ya maji, anayemtazama mtu usoni kana kwamba anamjua.

Upo pia mwiko. Kabla ya kila mechi ya nyumbani Mlezi huingia uwanjani na madumu yake, akazungushwa pembezoni mwa mistari, na kila mchezaji akanywa funda moja, awe wa nyumbani au wa ugenini. Waasisi hawakuwa wameona kiu inayochagua timu. Mchezaji ambaye hajanywa hachezi. Refa ambaye hajanywa hulaumiwa kwa kila kosa, sawasawa na ambavyo angelaumiwa kama angekunywa. Kisha mashabiki wote, wazee kwa vijana, wake kwa waume, hulia kama punda kwa pumzi moja ndefu. Wageni wamewahi kuandika kwamba ni sauti ya kutisha. Wenyeji husema ni sauti ya watu waliobeba mizigo tangu asubuhi na ambao, kwa muda wa pumzi moja, wameitua.

Mtunza Mlezi wa sasa anaitwa Bi. Siwatu binti Feruzi, mjukuu wa mmoja wa waasisi. Ni mjane, mwembamba, mrefu, na huongea taratibu kama mtu anayemimina maji katika chupa yenye mdomo mdogo. Humlea Stahamili uani kwake, na Stahamili humlea yeye, kwa maana wawili hao bado huuza maji. Ni kweli kwamba Idara ya Maji ilikwisha kutandaza mabomba katika kata yote. Mabomba hayo ni imara, yamenyooka, na hufanya kila kazi ya bomba isipokuwa kutoa maji.

*

Mageuzi yalianza siku Bwana Gaudensi Mkumbwa alipoinunua klabu.

Bwana Mkumbwa alikuwa mwenye Kiwanda cha Rangi cha Mng'aro, na Mng'aro ilikuwa imepitishwa na serikali kuwa rangi ya taifa. Shule zote zilipakwa Mng'aro, pamoja na mahakama, magereza na ukuta unaozizunguka ofisi za Wizara. Katika kila kopo yaliandikwa maneno ambayo kila mtoto wa nchi yetu ameyakariri kabla ya methali: *Haitoki kwa mvua, haitoki kwa jua, haitoki kwa machozi.* Ghala la kiwanda lilikuwa limejaa rangi moja iitwayo Waridi la Alfajiri, iliyotengenezwa kwa ajili ya hospitali kuu mpya. Hospitali hiyo ilizinduliwa kwa shangwe na mheshimiwa waziri aliyehusika, utepe ukakatwa, hotuba zikatolewa, na ni baada ya hapo tu ilipogunduliwa kwamba haikuwa imejengwa.

Wanachama wa Kisimani waliitwa katika ukumbi wa shule kuidhinisha utambulisho mpya. Kwa mujibu wa kanuni za Wizara, wanachama hupiga kura kwa makofi. Anayepiga makofi ameafiki, na asiyepiga huandikwa kuwa ameguswa mno hata mikono ikamlegea.

"Ndugu wanachama," alianza Bwana Mkumbwa, akiwa amevaa suti nyeupe na viatu vyeupe, "dunia inakimbia. Punda hakimbii. Wataalamu wangu wamefanya utafiti wa kina katika hoteli kadhaa za ndani na nje ya nchi, na wamebaini kwamba punda anahusishwa na kubeba, na kubeba kunahusishwa na jana. Sisi ni watu wa kesho. Isitoshe, wahenga wetu wenyewe walituonya kwamba shukrani za punda ni mateke. Je, klabu ya karne hii ijifungamanishe na mateke?"

Bi. Siwatu alinyoosha mkono kutoka safu ya nyuma.

"Samahani, mwanangu Gaudensi. Mpira unachezwa kwa nini?"

"Sijakuelewa, mama."

"Nauliza tu. Mpira unachezwa kwa nini?"

"Kwa mateke!" ukumbi ulijibu kwa niaba yake.

Bwana Mkumbwa alisubiri kicheko kipite, kama mtu anayesubiri gari la taka lipite, kisha akafunua bango. Juu yake alikuwapo chui mwenye misuli, madoa na tabasamu, amesimama juu ya maneno *Chui wa Mng'aro*. Jezi zilikuwa za Waridi la Alfajiri kuanzia shingoni hadi kisiginoni.

"Bosi," aliuliza Tungaraza, kinyozi na mpiga ngoma mkuu wa mashabiki, "huyo chui ni wa wapi? Maana hapa kwetu mnyama mkali ni mbwa wa mwenyekiti wa mtaa, naye amebakiwa na meno matatu."

"Chui ni mtazamo," alisema Bwana Mkumbwa.

"Na hiyo rangi?"

"Rangi ni hisia."

"Hisia ya nani, bosi? Mimi nikivaa hiyo, mke wangu ataniuliza nimelala wapi."

Hapakuwa na kofi hata moja. Kumbukumbu za mkutano zinaonyesha kwamba wanachama wote, bila kumwacha hata mmoja, waliguswa mno.

*

Siku chache baadaye Afisa Utamaduni wa Wilaya, Bwana Kasiani Luvanga, alifika nyumbani kwa Bi. Siwatu. Bwana Luvanga alikuwa mtu mpole aliyezaliwa mitaa miwili kutoka kisimani, na utotoni mwake alikuwa amelia kipunda kwa bidii kuliko wenzake wengi. Alimkuta Bi. Siwatu akimsugua Stahamili mgongoni kwa fundo la makumbi.

"Shikamoo, Bi. Siwatu."

"Marahaba, baba. Karibu. Msalimie na Mlezi."

Bwana Luvanga alitazama huku na huku, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Shikamoo, Mlezi." Stahamili alitikisa sikio moja.

"Nimetumwa," alisema afisa. "Wizara imeamua kwamba Mlezi astaafu. Atastaafu kwa heshima zote. Kutakuwa na shada la maua, cheti, na wimbo wa taifa ubeti mmoja."

"Ahsante. Akishastaafu atakwenda wapi?"

Bwana Luvanga alikitazama kiatu chake.

"Mwanangu, nimekuuliza."

"Machinjioni, mama. Kile kiwanda cha ngozi cha kule ng'ambo ya reli. Wanasema mnyama aliyekuwa nembo hawezi kuachwa akizurura mitaani. Atachanganya watu."

Bi. Siwatu aliendelea kusugua. Alimaliza upande mmoja, akahamia upande wa pili, na hapo ndipo aliposema:

"Na wewe, Kasiani, ukistaafu, watakupeleka wapi?"

Swali hilo halikuwamo katika maagizo ya afisa. Badala yake alieleza kwamba Bwana Mkumbwa, kwa ukarimu wake, alikuwa amependekeza jambo. Mlezi angeingia uwanjani mara moja ya mwisho, Jumamosi ya uzinduzi, akiwa amepakwa madoa ya chui kwa rangi ya Mng'aro, ili watu waone kwa macho yao jinsi ya kale inavyogeuka kuwa ya kesho. Kwa lugha ya kitaalamu jambo hilo liliitwa mpito. Baada ya mechi gari la kiwanda cha ngozi lingekuwa likisubiri langoni.

"Nikikataa?"

"Gari litakuja kesho asubuhi."

Bi. Siwatu alilitupa fundo la makumbi ndani ya ndoo.

"Basi ataingia. Kama ni kuagwa, aagwe na watu wake, si na wachinjaji. Lakini waambie waliokutuma: ataingia na madumu yake, yamejaa maji ya kisima. Bila maji haingii."

Bwana Luvanga aliahidi kulifikisha ombi hilo. Wizara ililipokea, ikalijadili, na kulikubali, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyeweza kueleza maji yana ubaya gani.

*

Jumamosi hiyo uwanja ulifurika. Tikiti zilikuwa zimeuzwa pamoja na fulana ya Waridi la Alfajiri, na asiyevaa fulana hakuruhusiwa kupita. Kwa hiyo watu walizivaa. Kutoka jukwaa kuu, Mheshimiwa Waziri Dakta Pantaleo Lukwambe aliutazama umati wote wenye rangi moja, akamwambia Bwana Mkumbwa kwamba huu ndio mshikamano ambao taifa limeutafuta tangu uhuru.

Polisi walikuwa wametawanywa kukagua miguu. Kazi ilikwenda vizuri: hapakuwa na soksi ya kijivu hata moja. Wengi hawakuwa na soksi kabisa.

Timu ya ugenini ilikuwa ya Posta, na kama ilivyo desturi yake ilikuwa haijafika. Ikaamuliwa mpito uanze bila kuwasubiri. Ngoma za Wizara zililia. Mtangazaji wa uwanja, ambaye maneno yake yalikuwa yameandikwa na kupitishwa wiki nzima kabla, aliguruma katika vipaza sauti: "Mabibi na mabwana, anaingia sasa mfalme wa mwitu, Chui wa Mng'aro!"

Akaingia Stahamili.

Wapaka rangi wa kiwanda walikuwa wamefanya kazi tangu alfajiri. Walikuwa wamempaka mwili mzima Waridi la Alfajiri, na juu yake madoa meusi, na usoni wakamchorea sharubu. Masikio yalikuwa yamewashinda. Alikuja polepole, madumu mawili ubavuni, Bi. Siwatu akiwa mbele yake na kamba mkononi, ingawa kamba ilikuwa imelegea. Alikuwa akijikunakuna kila hatua chache, na ngozi ya shingo ilikuwa ikimtetemeka, kwa sababu Mng'aro imetengenezwa kwa ajili ya kuta, na kuta hazina desturi ya kulalamika.

Kisha Tungaraza akapiga ngoma yake kofi moja kavu, akatia mkono mfukoni, akatoa soksi mbili za kijivu, akazivaa kichwani, moja kila upande, zikasimama kwa sababu zilikuwa zimeshindiliwa pamba. Jukwaa lake zima likafanya vivyo hivyo, na jukwaa la jirani, na la mbele yake. Punde tu uwanja mzima wa Waridi la Alfajiri ukawa umeota masikio marefu ya kijivu, watu na watoto wao mabegani, na muuza karanga, na mama lishe wa langoni aliyekuwa ameingia kuchungulia.

Kamanda wa polisi alilitoa tangazo la Wizara, akalisoma upya. Lilisema *mguuni*. Alivitazama vichwa. Akaipigia simu Wizara kuomba mwongozo, na akajibiwa kwamba masikio hayakuwa yamezingatiwa katika rasimu ya awali, ila yangefikiriwa katika marekebisho ya mwaka wa fedha ujao.

"Chui anatembea kwa madaha!" aliendelea mtangazaji, kwa kuwa ndivyo karatasi ilivyosema.

Chui alikuwa amesimama. Alikuwa amefika katikati ya uwanja, penye duara, akazikita kwato zake pale kama mtu aliyefika nyumbani kwake na kukuta kufuli jipya. Bwana Mkumbwa alishuka jukwaani na walinzi wawili.

"Mvute," alimwambia Bi. Siwatu.

"Mvute wewe, mwanangu. Ni chui wako."

Walinzi walivuta. Stahamili aliwatazama kwa macho yale ya kwenye nembo. Mmoja alikwenda nyuma kusukuma, akazikumbuka shukrani za punda, akarudi mbele.

"Ana nini huyu mnyama?" alifoka Bwana Mkumbwa.

"Anaungua," alisema Bi. Siwatu. "Rangi yako inamla ngozi. Hebu nipisheni."

Alifungua dumu la kwanza, akalishika kwa mikono miwili, na akammwagia Mlezi maji ya kisima kuanzia utosini. Alimmwagia taratibu, bila kumwaga pembeni, huku akimfuta kwa kiganja na kumsemesha maneno ambayo watu wa majukwaani hawakuyasikia. Nahodha wa timu, Mashauri, kijana mrefu aliyekuwa amesimama na wenzake katika jezi za waridi wakisubiri kunywa, alitoka mstarini bila kuitwa, akachukua dumu la pili, akamimina upande wa kushoto.

Mng'aro ikatoka.

Kwanza zilitoka sharubu. Kisha madoa yalitelemka mbavuni kama wino wa mtoto anayejifunza kuandika, yakafuatwa na Waridi la Alfajiri lenyewe, vijito viwili vilivyokutana chini ya tumbo na kuingia katika viatu vyeupe vya Bwana Mkumbwa. Maji yalipokwisha, katikati ya duara alikuwa amesimama punda wa kijivu, amelowa, ametulia.

"Hapana mnyama mwingine anayefanana naye!" alimalizia mtangazaji.

Stahamili aliinua kichwa, akalia. Na ule uwanja, ambao ulikuwa umebana pumzi tangu siku ya tangazo, ulimjibu. Wanaoishi karibu na daraja lililokatika wanasema waliisikia sauti hiyo. Waziri Lukwambe alijaribu kuzungumza kwa kipaza sauti, lakini sauti yake iliingia ndani ya ile nyingine na haikusikika tena. Mtazamaji mmoja wa jukwaa kuu anaapa kwamba alimwona Bwana Kasiani Luvanga, Afisa Utamaduni wa Wilaya, akiwa amefumba macho na kufungua kinywa.

Posta walipofika, dumu la tatu lililetwa kutoka kisimani, kila mtu akanywa, mpira ukachezwa. Rekodi za ligi zinaonyesha kwamba Posta walipewa ushindi, kwa kuwa timu iitwayo Chui wa Mng'aro haikuonekana uwanjani. Ile iliyoonekana iliwafunga mabao mawili.

Na gari la kiwanda cha ngozi lilikuwapo langoni, kama ilivyoahidiwa. Lilisubiri hadi uwanja ulipoanza kumwagika. Dereva aliyaona masikio yote yale yakimjia, Mlezi akiwa katikati yake, akaona ni busara kwenda kuangalia upepo wa matairi mahali pengine.

*

Nchi yetu haipuuzi mambo. Iliundwa Tume ya Kitaifa ya Kumchunguza Mnyama, chini ya uenyekiti wa Waziri Lukwambe mwenyewe. Mjumbe mtaalamu alikuwa profesa wa mimea, kwa kuwa profesa wa wanyama alikuwa amepatwa na ugonjwa mara tu alipopata barua ya uteuzi. Swali la Tume lilikuwa moja: mnyama aliyeonekana uwanjani ni mnyama gani?

Uzito wa swali hilo haukuwa mdogo. Ikiwa ni punda, amri ya kustaafu ilibaki palepale, na gari la ngozi lilikuwa limekwisha kujazwa upepo. Lakini ikiwa ni punda, basi rangi ilikuwa imetoka. Na ikiwa rangi ya taifa inatoka kwa madumu mawili ya maji, wananchi wangeanza kuzitazama shule, mahakama na magereza yao kwa jicho ambalo Wizara ya Mitazamo haikuwa imeliidhinisha, na masika yalikuwa yanakaribia.

Kabla ya kikao Waziri alimwita Bi. Siwatu faragha, katika chumba chenye kiyoyozi. Nje ya dirisha, Stahamili alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya bendera, akila ua la Wizara. Nyuma ya uzio walikuwapo watu wa Kisimani na masikio yao.

"Mama yangu," alisema Waziri, "mimi ni mtoto wako. Nataka kukusaidia. Ukiulizwa mle ndani, sema neno moja tu: chui. Chui analindwa na Sheria ya Wanyamapori. Hachinjwi, haguswi, hauzwi. Utarudi naye nyumbani leo."

"Na nikisema punda?"

"Utarudi na kamba."

Bi. Siwatu alitazama dirishani. Yule aliyekuwa pale nje ndiye aliyemsomeshea watoto, ndiye aliyembebea marehemu mumewe kwenda hospitali, ile nyingine, iliyojengwa. Alijifunga vizuri ushungi wake.

"Twende," alisema.

Ndani ya ukumbi alianza Bwana Mkumbwa. Aliapa, kisha akasema kwa kifupi: "Rangi yangu haitoki. Mnyama yule alipakwa madoa mbele ya mashahidi. Kwa kuwa rangi haitoki, madoa yapo. Mwenye madoa ni chui." Profesa wa mimea aliandika hoja hiyo, akaipigia mstari, akasema haina dosari.

Akaitwa Bi. Siwatu.

"Mama, unamfahamu mnyama aliyefungwa pale nje?"

"Namfahamu."

"Iambie Tume, ni mnyama gani?" Waziri aliuliza huku akitabasamu na kuitikia kwa kichwa mapema, ili kumwonyesha njia.

"Punda."

Tabasamu la Waziri lilibaki mahali pake bila mwenyewe. "Mama, fikiri vizuri. Unajua nini kitamtokea punda."

"Najua, Mheshimiwa. Ulinieleza vizuri. Huyu ni punda. Mama yake punda, baba yake punda, babu yake alipewa nishani na wakoloni akiwa punda. Nikimwita chui ili apone, nitakuwa nimemwokoa nani? Chui. Mlezi wangu nitakuwa nimemwua kwa mdomo wangu. Mkitaka kumchinja, mchinjeni, mnao visu. Lakini mtamchinja akiwa na jina lake, na mtakuwa mnajua mmemchinja nani. Na Jumamosi mtakuja uwanjani, mtatukuta."

Hapo Stahamili alilia kule nje, na uzio mzima ukamwitikia, hata glasi za maji mezani zikacheza. Karani wa Tume aliuliza aandike nini. Waziri alijifuta jasho, akasema: "Andika ngurumo."

Tume ilijifungia hadi jioni. Uamuzi wake ulisomwa redioni kwa ngoma ileile, baada ya vifo na kabla ya mazao, nao ni huu:

"Tume, baada ya kuzingatia ushahidi wote isipokuwa ule uliotolewa na mtunza mnyama, imejiridhisha kwamba mnyama husika ni chui. Madoa yake yapo. Asiyeyaona amwone daktari wa macho. Sauti yake ni ngurumo, na wananchi wanaruhusiwa kunguruma kwa namna hiyohiyo. Nembo ya klabu ni chui, atakayechorwa kwa kufuata sura halisi ya mnyama aliyepo, pamoja na masikio. Suala la soksi limekabidhiwa kwa tume nyingine, itakayoundwa. Bi. Siwatu binti Feruzi anapewa karipio kali kwa kumwita chui punda mbele ya Waziri. Na kwa kuwa chui huyo ni mali ya taifa, asichinjwe, asiuzwe, wala asipakwe rangi. Na kwa kuwa hakuna chui mwingine wilayani mwenye uzoefu, na mabomba ya Kisimani bado yako katika hatua za mwisho za matayarisho, Tume inaagiza aendelee kubeba maji."